Waliniuzia sponji, kisha wakaniuzia na vifaa vya kumuua kwa njaa

Assalaam alaykum waungwana. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikitaraji hasira zitashuka. Hazikushuka, kwa hiyo nalisema.

Mimi ni mtu wa Jambiani, Zanzibar, naishi Birmingham mwaka wa 11 sasa. Nyumbani nina tangi la maji ya chumvi la lita 300: mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake), matumbawe laini, na samaki watano. Ndiyo bahari yangu huku. Mwezi wa kwanza niliingia duka moja la samaki wa mapambo, nikamwona sponji, mnyama wa baharini, wa rangi ya chungwa, matawi yake kama vidole, kawekwa chini ya taa kali anawaka. Nikauliza huyu anaishi vipi. Muuzaji akanijibu, "Hii haina usumbufu. Haina mdomo, haina tumbo, hailishwi. Wewe weka mkondo na maji yako yawe safi, basi." Nikatoa pauni 45.

Hana mdomo, kweli. Hana tumbo, kweli. Lakini kwamba halishwi ni uongo, na huo uongo ndio uliomuua.

Makosa yalianza palepale kaunta. Yule kijana alimtoa sponji majini kwa mkono, akamkung'uta kama dodoki la kuoshea vyombo, ndipo akamtia kwenye mfuko. Sponji ni mnyama ambaye mwili mzima ni mifereji. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo visivyoonekana, yanapita ndani yakisukumwa na seli zenye vijimkia, yanatokea kwenye matundu makubwa. Ukimtoa hewani, hewa inaingia kwenye mifereji ile na kukwama. Nyuma ya kipovu maji hayapiti tena, na pasipopita maji nyama inaoza. Kumfunga ndani ya mfuko chini ya maji ni kazi ya nusu dakika. Anayeuza sponji na hajui hilo asiuze, na anayejua akafanya vile ni mbaya zaidi.

Wiki haikuisha, ncha ya kidole kimoja ikawa nyeupe. Nilikikata kile kipande nikiwa nimetumbukiza mkono na mkasi majini, na ugonjwa ukasimama. Nikashukuru, nikadhani tumevuka.

Mwezi wa tatu akaanza kunywea. Hakuoza, alipungua tu: vidole vikawa vyembamba, matundu yake yakafumba, na mwani wa kahawia ukampanda mgongoni. Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Jibu: "Maji yako machafu." Nikauziwa taa ya UV. Baada ya wiki nne hali ileile, nikaambiwa bado machafu. Nikauziwa chembechembe za chuma za kunyonya fosfeti, ile chumvi inayokuza mwani, na nikaagizwa skima ya povu, mashine ya kusafisha maji, isizimwe usiku wala mchana. Pauni 190 zikanitoka, juu ya zile 45.

Sasa sikilizeni vifaa vile vinafanya nini, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Chakula cha sponji ni bakteria na viumbe wengine wadogo mno, wengi wao hawafiki hata mikromita 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, pamoja na masalia ya uhai yaliyoyeyuka majini. Taa ya UV inaua bakteria wanaoelea. Skima inayatoa masalia yale kwa povu. Na mifupa ya huyu mnyama, vile vimiba vinavyomsimamisha, kwa sponji wengi ni silika, kitu kilekile cha kioo. Zile chembechembe za chuma zinanyonya silika pamoja na fosfeti. Maji ninayochanganyia chumvi nayo yamechujwa kwa mashine mpaka silika haimo. Yaani kila nilipokwenda kulalamika kwamba mnyama anadhoofu, niliuziwa kifaa kingine cha kumwondolea chakula na mifupa. Na mimi nilikifunga kwa mikono yangu, nikiamini namwokoa.

Usafi ule unayafaa matumbawe mengi, sikatai. Matumbawe yangu yanapata sehemu kubwa ya riziki yao kwenye mwanga, kwa vimwani vilivyomo ndani ya nyama yao. Wapo sponji pia wa namna hiyo, baadhi ya wale wa buluu na kijani, wanaoishi na bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga. Huyu wa chungwa si wao. Hawa kwa kawaida wanapenda kivuli, chini ya mwamba, mahali mwani hauwafuniki. Dukani alikuwa chini ya taa kwa ajili ya macho ya mteja, nami nikamweka vilevile.

Mwezi wa tano, usiku mmoja, alivunjika. Asubuhi nilikuta vumbi la chungwa limetanda sakafuni na harufu ya kuoza imejaa sebuleni. Nikapima amonia, sumu inayotoka kwenye kuoza, kipimo kikageuka kijani kibichi. Nilibadilisha nusu ya maji nikiwa bado na nguo za kulalia. Samaki watatu walikuwa wameshakufa. Mmoja nilikuwa naye tangu nilipoanza tangi, miaka sita.

Jioni nilimpigia shangazi Jambiani. Yeye na wenzake wanalima sponji ndani ya mwamba, wamewapachika kwenye kamba pale maji ya kupwa na kujaa yanapopita. Nikamsimulia yote. Akauliza neno moja, "Mwanangu, alikuwa akila nini?" Nikamwambia niliambiwa hali kitu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kiumbe gani huyo asiyekula?" Akanieleza kwamba kamba ikiwa mahali maji yamelala, sponji hawanenepi, na kwamba kila mara anakwenda kuwasafisha mwani na uchafu usiwazibe. Shangazi yangu hajawahi kuliona tangi la samaki. Aliuliza swali ambalo duka zima lenye matangi yamepangwa ukuta hadi ukuta halikuniuliza kwa miezi minne.

Nilirudi mara ya mwisho na risiti zote. Nikaambiwa sponji hafi hivyo, kwamba "kuna mwanasayansi alimkamua kwenye kitambaa, akajirudi mzima." Nimelisoma jambo hilo. Ni kweli, Henry Van Peters Wilson alilitangaza mwaka 1907 kule Marekani: alimpitisha sponji kwenye kitambaa cha hariri, seli zikatawanyika, kisha zikajikusanya upya. Lakini zile seli zilitunzwa kwenye maji ya bahari, bahari yenye kila kitu. Kumchukua mnyama aliyekufa njaa ukamjibu mwenyewe kwa habari ya 1907 ni kumtukana mtu mbele ya maiti wake.

Na msiseme sponji hawaishi nyumbani kabisa, kwa sababu wanaishi. Ndani ya sampu yangu, tangi dogo la chini lenye vichujio, gizani, kwenye mabomba, wamo sponji weupe wadogo kama punje za mahindi. Hakuna aliyeniuzia, walikuja na mawe hai wakazaana wenyewe. Mwilini wana vimiba vya chokaa, si silika, na chokaa kwenye tangi la matumbawe haikosekani. Chini ya mawe kuna wengine wamejibandika kama rangi ya ukuta. Hao walilipokea tangi lilivyo. Anayeuawa ni yule mkubwa wa rangi, aliyezoea mkondo wa bahari. Kilo moja ya sponji inatajwa kuweza kuchuja hadi lita 24,000 kwa siku. Tangi langu lote ni lita 300. Sponji wa kilo hiyo angelizungusha maji yaleyale mara 80 kwa siku, na kila mara hamna kitu ndani yake.

Ninachotaka si pauni zangu 235 peke yake, ingawa nazo nazitaka. Nataka pale penye bei paandikwe anakula nini. Nataka afungwe chini ya maji mbele ya mteja. Nataka mtu akienda kusema mnyama wake ananywea, aulizwe kwanza kama anatumia UV na skima kabla hajauziwa kingine. Na mwenye tangi jipya la miezi mitatu asiuziwe kabisa, hata akiwa na pesa mkononi. Jioni ile nimeizima taa ya UV, na skima nimeipunguzia saa. Samaki wawili waliobaki wazima, mwani umeongezeka kidogo, nitaukwangua.

Mliomnunua huyu wa chungwa, au yule mwekundu wa matawi, huku Ulaya, Ghuba au popote mlipo: semeni aliishi miezi mingapi, na mliambiwa nini siku mnalipa.