Rejeta moto juu, baridi chini: nianze na dawa ya kusafisha au na presha?

Muulizaji
Wakuu, naombeni msaada. Mfumo wa kupasha joto nyumba, boila ya gesi, rejeta 9 za chuma (zile paneli za ukutani zinazopitisha maji moto). Mbili za chini zina moto juu, ila katikati kwenda chini ni baridi kabisa. Moja ya ghorofani inajaa hewa kila baada ya wiki mbili, na nikiifungulia, maji yanayofuata ni meusi kama wino. Geji ya presha inasoma baa 1.2 mfumo ukiwa baridi, ukichemka inakaribia 3, asubuhi nakuta 0.5, naongeza maji tena. Dawa ya kusafisha ninayo. Niitie tu?

Jibu la 1
Mkuu, usiitie bado. Weusi huo ni kutu laini ya chuma, na kutu hiyo inalishwa na oksijeni iliyomo kwenye maji mapya unayoongeza kila asubuhi. Ukisafisha leo ukaendelea kuongeza maji, tope litarudi.

Presha inayopanda kutoka 1.2 hadi 3 inaelekeza kwenye tangi la upanuzi, yaani chombo chenye hewa kinachopokea maji yanapotanuka: hewa yake imeisha, kwa hiyo maji yakitanuka hayana pa kwenda. Ikifika 3, valvu ya usalama inafunguka na kumwaga nje. Funga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa bomba lake la nje usiku mmoja, bila kulibana. Ukikuta maji, umepata jibu.

Kupima tangi: zima boila, acha ipoe, toa maji hadi geji isome 0. Kisha bonyeza kidogo sindano ya valvu ya tangi, ile iliyo kama ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, badilisha tangi. Ikitoka hewa dhaifu au isitoke kitu, jaza kwa pampu ya baiskeli hadi kiwango kilichoandikwa kwenye tangi, mara nyingi baa 0.75 hadi 1. Ni lazima upande wa maji uwe 0, la sivyo geji ya pampu itakudanganya. Tangi likiwa ndani ya kava la boila, muachie fundi mwenye leseni ya gesi.

Na tafadhali, usitoe hewa karibu na moto wala sigara. Kutu hiyo huzalisha haidrojeni, na haidrojeni inawaka.

Jibu la 2
Naunga mkono. Presha ikishatulia, sasa safisha, lakini hizo rejeta mbili zishushe uzioshe nje. Tope lililoganda chini dawa peke yake hailimalizi.

Funga valvu ya mkono, kisha ile ya upande wa pili yenye kofia, ukihesabu mizunguko hadi ifunge. Andika namba hiyo, utairudisha vilevile. Weka beseni pana na matambara, legeza nati ya upande mmoja, ndipo ufungue tundu la hewa juu ili maji yashuke. Maji haya yakigusa zulia hayatoki, kwa hiyo ziba midomo yote miwili kabla ya kubeba. Nje, ingiza mpira wa maji mdomo mmoja, geuza, rudia mdomo wa pili, huku ukigonga kwa nyundo ya mpira. Utaona vipande vyeusi vinatoka kama mashapo ya kahawa. Endelea hadi maji yawe meupe.

Ukizirudisha, tia dawa. Chupa ya lita 1 kwa kawaida inatosha maji lita 100, ila fuata kibandiko. Fungua valvu zote, washa mfumo uzunguke ukiwa moto kwa muda ulioandikwa: nyingine saa chache, nyingine hadi wiki. Kisha mwaga, jaza, zungusha, mwaga tena hadi maji yatoke safi. Mabaki ya dawa yanaendelea kula chuma, usiruke hatua hiyo. Kama boila ina kibadilisha joto (sehemu ambamo moto wa gesi hupasha maji) cha alumini, tumia dawa isiyo asidi wala alkali.

Mwisho tia dawa ya kuzuia kutu, na funga chujio la sumaku kwenye bomba la maji yanayorudi kwenye boila, karibu nayo.

Muulizaji
Asanteni sana. Na rejeta moja ikibaki baridi yote baada ya kusafisha?

Jibu la 1
Kama valvu ya rejeta ina kichwa cha themostati (kinachojifunga chumba kikipata joto), king'oe uangalie pini ndogo iliyo chini yake. Inatakiwa ishuke ukiibonyeza na irudi yenyewe. Ikikwama chini, igonge kidogo ubavuni, weka tone la mafuta ya kulainisha, ibonyeze mara kadhaa. Usiivute kwa koleo, inaweza kuchomoka na maji yakaruka.

Pini ikiwa sawa, basi rejeta zilizo karibu na pampu zinanyonya maji yote. Zipunguze valvu za kofia robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukianza na inayowahi kupata moto, na kila mara subiri dakika 15 kabla ya kugusa tena.