Wauza chakula cha mifugo Kigamboni, FARASI SIO KUKU! Nusura mniulie farasi wangu mzee na mtoto wa wiki tano

Wakuu habari za jioni. Mnivumilie, naandika nikiwa na hasira na tangu juzi sijapata usingizi wa maana. Kama umekuja kuniambia "mna hela za kuchezea", pita tu ndugu yangu, hilo nalisikia tangu nikiwa darasa la tatu.

Sisi tuko Kigamboni, ukishapita Kibada. Nyumbani tuna farasi watatu wakubwa na mtoto mmoja. Hatufanyi nao biashara, hatukodishi kwenye maharusi, hatupeleki beach. Mzee wangu aliwanunua wawili wa kwanza kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na tangu hapo wakawa sehemu ya familia. Mama anawaita "watoto wa baba yenu" na hajawahi kumshika hata mmoja, ila mmoja akikohoa usiku yeye ndiye wa kwanza kuwasha taa ya nje. Sasa hivi mzee magoti yamemkataa, anakaa barazani anatoa amri, kazi yote imeniangukia mimi na kijana wa banda.

Kamanda ndiye mkubwa, dume aliyehasiwa, ana miaka 21. Tausi ndiye mama. Shaba ni jike mwingine, mkorofi, leo simzungumzii. Halafu kuna Pantoni, mtoto wa Tausi, ana wiki tano. Jina alipewa na mdogo wangu kwa sababu alizaliwa usiku ambao mimi niko ng'ambo, nasubiri pantoni, naelekezwa kwenye simu kinachoendelea kana kwamba natangaziwa mpira. "Kasimama!" "Kaanguka." "Kasimama tena!" Ndani ya saa moja akawa amesimama, kabla ya saa mbili kutimia keshapata chuchu na kunywa dang'a, kondo la nyuma likatoka salama. Hayo matatu yakienda hivyo unashusha pumzi. Tausi alimbeba miezi kumi na moja. KUMI NA MOJA. Mshike hilo kichwani wakati mnasoma kilichotokea Jumanne.

Nina duka ninalonunua chakula cha nyongeza. Sitaji jina. Kwa zaidi ya mwaka oda yangu ni ileile: shayiri iliyopondwa, pumba za ngano, mashudu ya alizeti kidogo, chumvi, basi. Nilimwandikia mwenye duka kwa herufi kubwa, "USIWEKE DAWA YOYOTE, USICHANGANYE NA CHAKULA CHA KUKU WALA CHA NG'OMBE." Akajibu "sawa dada, nimekupata." Ujumbe ninao.

Jumanne mchana kirikuu ikaleta magunia manne nyumbani. Mimi niko kazini Posta. Kijana wetu ana miezi miwili tu kwenye hii kazi, akapokea, akasaini, jioni akafungua gunia na kuwawekea kwenye ndoo zao kama kila siku. Simlaumu. Gunia lilikuwa la duka letu, limeshonwa mdomo kama siku zote.

Nafika nyumbani saa moja usiku. Kabla sijavua viatu nikapita bandani, ndiyo kawaida yangu. Kitu cha kwanza ni harufu. Wakuu, banda la farasi lina harufu yake, majani makavu, jasho, mbolea, na ukizoea unaipenda kabisa. Jumanne lilikuwa linanuka DAGAA. Nikawasha tochi ya simu. Ndoo ya Kamanda imeliwa nusu. Tausi amekataa, kasimama pembeni kageuza shingo (huyu mama ana akili kuliko wenye maduka wote wa Kigamboni mkiwekwa pamoja). Na ndani ya ndoo ya Tausi, kichwa cha Pantoni.

Mtoto wa farasi wa umri huo bado ananyonya, tena mara kadhaa ndani ya saa moja, lakini anaanza kumuiga mama yake. Mama akila naye anatia pua. Nikamvuta. Midomo yake ina vile vinywele laini, vyote vimejaa unga wa njano. Nikamshika taya, nikaingiza kidole pembeni pale pasipo na meno, nikaanza kumkombea ule uji mdomoni, huku yeye ananisukuma kwa kichwa akidhani tunacheza. Tausi naye kaja nyuma yangu ananipumulia kisogoni kwa hasira. Kwenye kiganja changu nimebaki na chenga za mahindi, vipande vya dagaa, na chembe nyeupe za chokaa.

Nikamwaga gunia zima kwenye turubai. Ndani kabisa, katikati ya chakula, kikaratasi cha kiwandani kimesahaulika. Chakula cha kuku wa nyama. Na kwenye orodha ya vilivyomo: monensini.

Kwa wasiofuga: hiyo ni dawa ya kuzuia koksi, ule ugonjwa wa kuhara damu kwa kuku. Kuku wa nyama anaila kwenye chakula kwa kipimo chake bila shida. Ng'ombe pia hupewa kwa kipimo. Kwa farasi ni SUMU. Miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumuua, na ng'ombe anavumilia mara kumi ya hapo. Inashambulia misuli, na msuli inaoupenda zaidi ni moyo. Haina dawa ya kuiondoa makali. Akipona anaweza kubaki na moyo mbovu, halafu siku moja miezi sita mbele unamtembeza anadondoka. Huyo jamaa amechukua chakula cha kuku kilichomdodea, akakihamishia kwenye gunia langu, akashona, akaniuzia kwa bei ya shayiri.

Kijana ananiambia "dada tumtapishe." Farasi HATAPIKI. Mlango wa juu wa tumbo lake umebana kiasi kwamba kikishashuka kimeshuka. Hacheui kama ng'ombe, wala hana matumbo manne ya kuchujia mambo. Ana tumbo moja dogo, na majani yanakuja kuchachuka huko nyuma kwenye utumbo mpana, kwa hiyo kila kosa linapita hadi mwisho.

Nikampigia daktari. Akafika saa nne kasoro, na bodaboda, begi mgongoni, Mungu ampe maisha marefu. Akapitisha mpira puani mwa Kamanda, taratibu, anasikiliza, ananusa ncha ya mpira kuhakikisha umefika tumboni na haujaenda kwenye mapafu. Nimeshika kichwa, mzee amejikongoja na fimbo yake kaja kushika sikio la Kamanda anamwambia maneno yao. Ukaingia mkaa wa dawa uliokorogwa na maji, halafu mafuta ya parafini ya dawa (siyo ya taa). Pantoni akachunguzwa fizi, moyo, tumbo. Daktari akasema huyu tumemuwahi, tumwangalie tu.

Saa tisa usiku Kamanda akaanza. Jasho shingoni na kwenye mbavu, usiku wa manane hakuna jua. Miguu ya nyuma inachezacheza kama mlevi anayejikaza mbele ya mkwe. Moyo wa farasi mkubwa aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, unausikiliza nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto. Nilihesabu 72. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea, 74. Tumekaa naye mpaka adhana ya alfajiri, mzee kwenye kiti cha plastiki, mama kaleta chai ya tangawizi bila kuulizwa na kusimama mlangoni, hatua tatu kutoka kwa farasi. Miaka yote hii hajawahi kufika pale.

Asubuhi nampigia mwenye duka. Nanukuu: "Dada yangu punguza presha. Mnyama ni mnyama tu. Mbona ng'ombe wanakula hicho hicho wananenepa?" Nikamtumia picha ya kikaratasi. Akaisoma, akanyamaza.

MNYAMA NI MNYAMA TU. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa wakuu, maana hii kauli nimeambiwa na watu wengi kwa namna tofauti. Mwaka juzi jirani mfugaji, mtu mzuri tu, akanishauri niwape lusina, majani ya ule mti wa malisho, eti ng'ombe wake maziwa yameongezeka. Nikawapa kila siku kama mwezi hivi. Siku namchana Tausi, singa za shingoni zinabaki kwenye kitana. Mkia nao ukawa kama ufagio wa chelewa uliochakaa. Lusina ina kitu kinachowanyonyoa farasi nywele. Jirani hakujua, na mimi sikuuliza, kosa langu hilo.

Muuza majani naye. Masika haya alinishushia marobota 30, nje yamekauka yana rangi ya dhahabu, unakata kamba, katikati ni kijivu, yanatoa vumbi kama umepiga mto wa zamani. Ukungu mtupu. Anasema "ng'ombe hawachagui hivyo." Farasi akivuta vumbi hilo anaweza kupata pumu, akila anaweza kupata msokoto wa tumbo. Nikarudisha yote, akaniona najidai. Afadhali huyo alikuja kuyachukua bila matusi.

Na nyie majirani mnaomrushia Pantoni ukoko na maganda ya embe juu ya ukuta, najua mnampenda. ACHENI. Na yule MC aliyepiga simu wiki mbili baada ya Tausi kuzaa, "nusu saa tu dada, bwana harusi mwembamba," sijakusahau.

Watu wanadhani kufuga farasi ni kupanda na kupiga picha. Mimi saa 11 alfajiri niko na chepeo natoa mbolea. Kwato kila siku zinainuliwa na kukwanguliwa moja moja, kwa Pantoni naanza kumzoesha kwa kumshika mguu sekunde chache tu na kuuachia kabla hajakasirika. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo ni boza, na Tausi anaponyonyesha kwenye joto hili anamaliza ndoo tatu za lita 20 kwa siku bila kutikisika. Kabla ya saa 12 jioni wote ndani, wavu umeshushwa, kwa sababu usubi wa magharibi ndio unaobeba ugonjwa wa farasi, ule ambao punda anaupita akitembea lakini farasi anakufa ndani ya siku chache. Yote hayo tunayafanya, halafu mtu mmoja mwenye sindano ya gunia anakuja kuyamaliza kwa jioni moja.

Tuna sheria ya malisho na vyakula vya mifugo tangu 2010, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya kuelewana. Gunia nililofungua nimelifunga tena, na kikaratasi chake. Kesho asubuhi sampuli inakwenda maabara ya veterinari pale Temeke, kisha nakwenda kwa afisa mifugo na karatasi mkononi. Hela yangu naitaka, gharama ya daktari naitaka, ila zaidi nataka asiendelee kufanya hivi, kwa sababu kuna mtu mwingine huko Mbweni au Bunju ana punda au farasi na hana pua ya kunusa dagaa.

Hali ilivyo jioni hii: Kamanda moyo umeshuka hadi 52, anakula majani mabichi kidogo kidogo, amekojoa vizuri. Daktari amesema hakuna kumpanda wala kumkimbiza kwa wiki nyingi, na hata hapo atapima moyo kwanza. Mzee amesikia akatikisa kichwa tu, hajasema kitu. Pantoni anaruka kama mbuzi, hana habari.

Ninachoomba kwenu: mwenye kujua anakopatikana mtu wa shayiri safi isiyochanganywa upande huu wa Kigamboni, hata Mbagala nitakuja, aandike hapa. Na mnaofuga kuku na farasi au punda kwenye kiwanja kimoja, tenganisheni stoo leo, na ndoo pia, hata kijiko cha kuchotea.

NYONGEZA saa 4 usiku: Mwenye duka amepiga mwenyewe. Nikajua anaomba radhi. Anasema yale magunia matatu ambayo sijafungua niyarudishe kesho mapema, kuna mteja wa kuku anayasubiri. Nimemwambia aje ayafuate yeye, mzee wangu atakuwa amekaa juu yake.