Mistari kwenye flati za paneli ya mwanga

Swali: Nikiweka paneli ya LED mdomoni mwa darubini, flati (picha za mwanga sawasawa za kusahihisha vumbi na pembe zenye giza kwenye picha za anga) zinatoka na mistari ya mlalo. Muda wa kila picha ni 1/500 ya sekunde. Shida nini?

Jibu: Paneli nyingi zikipunguzwa mwanga huwaka na kuzimika kwa kasi, na kamera yako husoma sensa safu kwa safu. Washa mwanga kamili, tandika karatasi nyeupe kati ya paneli na darubini mpaka muda ufike sekunde 1 hadi 3. Histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ikae nusu: kwa picha ya biti 16, thamani kama 30,000.

Jibu: Fokasi usiiguse, kamera usiizungushe, la sivyo vivuli vya vumbi havitalingana na vile vya picha zako za anga. Ukipiga flati 25, funika darubini upige 25 za giza, muda na gaini (kiwango cha kukuza ishara ya sensa) ileile. Wengi huziruka hizi, halafu wanashangaa pembe za picha kubaki na giza.