Mbwa wetu kiziwi amekufa, nitamwambiaje mtoto ambaye naye ni kiziwi?

Mjomba_Kgm

Habari zenu wakuu. Naandika usiku huu coz usingizi hauji kabisa. Nipo Kigoma mjini, mbwa wetu amekufa Jumatano, na mtoto wa dada yangu anayesoma shule ya viziwi Tabora anafika na treni wiki ijayo shule zikifunga, na kitu cha kwanza akiingia getini ni kumtafuta huyo mbwa. Sijui naanzia wapi.

Niwaeleze kidogo. Huyu mbwa nilimtoa Kibirizi miaka minne iliyopita, nilienda asubuhi kuchukua dagaa nikakuta akina mama wanamfukuza pale walipoanika, mmoja anapiga kelele toka toka, mwingine anagonga beseni, mbwa wala hageuki anakula tu, wakasema huyu ana kiburi huyu, alafu likaja jiwe likampata ubavuni ndo akaruka anazunguka hajui limetoka wapi. Kambwa kadogo, keupe pee, baka jeusi jicho la kulia basi. Ile sura ya kushtuka naijua, ni ileile ya mtoto wetu akiguswa bega ghafla kwa nyuma. Nikamtia kwenye ndoo nikapanda naye bodaboda, dagaa wenyewe nikasahau kuchukua.

Nyumbani nikadondosha sufuria nyuma yake, wapi. Majirani wakaanza kumwita Bubu, yaani jina lilelile wanalomwita mtoto wetu, iliniuma sana ila nilikaa kimya. Mtoto aliporudi likizo akamwangalia mchana kutwa, jioni akampa jina. Siwezi kuliandika hapa kwa sababu ni jina la mkono, unafunika jicho la kulia kwa kiganja halafu unatikisa kidole kama mkia. Hilo ndo jina lake, hana lingine. Akamfundisha njoo, kaa, acha, na dole gumba juu maana yake umefanya vizuri, akilipata hilo dole anajizungusha mpaka anaanguka. Na niseme ukweli, kabla ya hapo mimi mjomba mtu nilikuwa najua alama tano sita tu za kuongea na yule mtoto, kula, kulala, kuoga, shule. Zingine zote nimejifunza kwa ajili ya mbwa. Bibi pia. Jioni tukawa tunakaa barazani wote mikono inaenda.

Nyumba yetu ipo jirani na reli. Treni ilikuwa haijapiga hata honi yeye ameshainua kichwa, anaisikia kwa tumbo akiwa amelala chini, kisha anatuangalia kama anatuuliza mbona hamuondoki.

Sasa kilichotokea. Shemeji ana Canter anaipaki uani, na mbwa mchana analala chini yake kwa ajili ya kivuli. Tuna utaratibu, kabla haijawashwa mtu anainama anachungulia, anagonga ardhi mara tatu kwa fimbo, mbwa anatoka. Hiyo kazi ni yangu. Jumatano nilikuwa naongea na simu, shemeji akapiga honi kama kawaida yake akajua nimeshachungulia, akarudi rivasi. Honi kwa yule mbwa ni nini? Hakulia hata kidogo. Tumemzika chini ya mchikichi nyuma ya nyumba.

Dada anasema tumwambie mtoto mbwa amepotea. Mimi nafsi inakataa, lakini pia naogopa kumwambia ni mimi. Nisaidieni.

MamaUjiji

Pole sana mdogo wangu, nimesoma mpaka machozi. Mimi ni Muislamu mbwa simgusi lakini tumefundishwa habari ya yule mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, na wewe ulimtoa kwenye mawe, Mungu ameliona hilo. Kwa mtoto ningemsikiliza dada yako, mtafutieni mwingine mweupe mapema kabla treni haijafika, mtoto asije akaharibikiwa likizo yake.

Fundi_Isevya

Kaka pole. Mama Ujiji nakuheshimu sana ila hapo hapana.

Mimi ni kiziwi, nimesoma hiyohiyo shule ya Tabora, ndiyo ya kwanza ya viziwi hapa nchini, imeanza 1963. Nikiwa darasa la tano babu yangu alifariki nyumbani. Nikarudi likizo, kitanda chake hakipo. Nikauliza, wakanionyesha mkono, baadaye. Usiku nikauliza tena, baadaye. Wote wanaongea, midomo inakwenda, mama anafuta macho, mimi nakula ugali sielewi kitu. Kaburi nilikuja kuonyeshwa na mtoto wa jirani. Nina familia yangu sasa na hiyo "baadaye" haijanitoka. Kila kiziwi unayemjua ana ya kwake, sisi habari za nyumbani kwetu tunapata mwisho, kwa ufupi, au hatupati.

Na akikuta mbwa mwingine mweupe mnamwita kwa jina lile la mkono, huyo mtoto atajua tangu getini. Sisi tunaishi kwa macho, kaka.

Fanya hivi. Stesheni usimwambie, kuna watu na mizigo na wenzake wanaagana. Ila usicheke cheke pia, atakusoma usoni. Fika nyumbani, kaeni mnaangaliana, mwanga uwe usoni kwako usiwe mgongoni. Tumia alama ya kufa. Usitumie kulala wala kuondoka, ukisema amelala atakaa anamsubiri aamke. Mweleze gari, honi, simu yako, yote. Mpeleke kwenye mchikichi siku hiyohiyo. Na mikono yake ikianza kuongea usigeuke pembeni hata kama unalia, ukigeuka umemnyamazisha.

BwanaMifugo_Kasulu

Pole mkuu. Nafanya kazi ya mifugo, niongeze kidogo kwa sababu najua kijijini maneno hayakosi, mara amerogwa mara alipigwa kichwani. Mbwa mweupe hivo akiwa kiziwi, mara nyingi ni kwa asili. Zile chembe zinazotengeneza rangi ya manyoya zinahitajika pia ndani kabisa ya sikio, zikikosekana kule sehemu ya kusikilia inakufa wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Dalmatian, wale weupe wenye madoa, karibu 30% hawasikii sikio moja au yote mawili. Kwa hiyo wewe huenda hukumkuta ameharibiwa na mtu, ni asili yake, na Kibirizi pale na pikipiki na mawe asingefika hata mwaka.

Kuhusu gari, wengi wanaosikia wanakufa hivohivo chini ya gari. Nasema hivo sio kukuondolea uliyoyasema, umeyasema mwenyewe na mimi siyafuti. Kwa mwenye mbwa kiziwi anayesoma hapa, mtengenezee kivuli kingine, na ukimwamsha mnusishe kwanza mkono wako asishtuke akakung'ata.

Mjomba_Kgm

Wakuu nimerudi. Ameshafika. Nilifanya kama Fundi alivyosema, kwenye taksi nilimshika mkono tu, alikuwa ananiangalia sana. Tulipofika akaangalia chini ya Canter, akaangalia mlangoni, akanigeukia akafunika jicho lake la kulia. Nikakaa naye chini nikamwambia yote. Akaniuliza swali moja, ulichungulia? Nikamjibu sikuchungulia, nilikuwa na simu.

Akaenda kwenye mchikichi akakaa mpaka giza, bibi akampelekea chakula hukohuko. Na mimi hakuongea siku mbili, nikimwita anafumba macho, na kiziwi akifumba macho ndo basi huna pa kupitia.

Leo asubuhi shemeji anataka kutoka, mtoto akatoka ndani mbio na ile fimbo, akainama akachungulia upande huu akazunguka upande wa pili, akagonga chini mara tatu. Kisha akaniangalia mimi, akainua dole gumba, akanipa fimbo.