Resipi inasema "pilipili" tu, naweka ipi jamani?

Mama Wawili, Dar
Habari zenu wapendwa. Jumamosi napokea ndugu wa mume wangu kutoka Unguja, nimepanga pilau ya ng'ombe, mchuzi wa samaki wa nazi na kachumbari. Wifi yangu kanitumia maelekezo kwa voisi, sasa kwenye pilau anasema pilipili, kwenye mchuzi pilipili, kachumbari pilipili tena, halafu mwishoni anasema "chukua pilipili hoho mbili uzisage utie kwenye ukwaju wa kuchovyea". Mimi nimekulia Morogoro, hoho ninayoijua ni lile kubwa la kijani la kukatia kwenye mboga, halina hata ukali, nikilisaga na ukwaju itakuwa kitu gani? Nimeenda sokoni nimekuta hoho, mbuzi, kichaa, zile ndefu nyembamba na manga ya kupima kwa kijiko, nikarudi bila kununua. Watoto watakuwepo pia. Naombeni mnieleweshe ipi inaingia wapi.

Bint Darajani
Bi dada usitie lile kubwa kwenye ukwaju! Hoho anayosema wifi yako ndo ile kali, nyekundu, ndogo. Lile mnaloita hoho huko bara, kwetu ni pilipili boga. Zisage hizo mbili na chumvi na kitunguu thomu kidogo ndo uchanganye na ukwaju. Na uuweke kwenye bakuli peke yake, anayetaka atajitilia.

Mpishi wa Shughuli
Bint Darajani kasema kweli. Dada yangu nikufafanulie, maana mimi ndio kazi yangu, Tanga hapa nimepikia maharusi mengi tu. Kwenye pilau pilipili maana yake ni MANGA, hizi nyingine weka pembeni kabisa. Manga si ndugu wa hoho wala mbuzi, huo ni mmea mwingine unaotambaa juu ya miti, asili yake India, huku kwetu unalimwa Unguja na Pemba, hata Muheza kule milima ya Amani, punje zinachumwa bado za kijani zikianikwa juani ndio zinakunjamana na kuwa nyeusi. Hizi za kuwasha zote, kichaa, mbuzi, ndefu, na hata lile hoho kubwa lisilowasha, ni ukoo mmoja na asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, Wareno ndio walizisambaza huku kwenye karne ya 16, kwa hiyo ladha zao haziendi sawa na manga, usibadilishane hata siku moja.

Mchuzi wa samaki weka pilipili MBUZI, ila sikiliza vizuri, usiikate. Ioshe, iache na kikonyo chake, tui zito likishaingia na mchuzi umeanza kutokota unaiweka juu nzima nzima inaelea. Ukikoroga koroga pembeni taratibu, ikipasuka umeharibu, mchuzi wote utakuwa moto. Ikishalegea na ngozi imeanza kukunjamana itoe uiweke kwenye kisahani. Hapo mchuzi unanukia pilipili na mtoto wa miaka mitano anakula hajalia, mzee anayependa ukali anaiminya mwenyewe kwenye sahani yake. Watu wengi wanadhani mbuzi ni ya kuwasha tu, jamani ile pilipili inatafutwa kwa harufu!

Shangazi wa Eastleigh
Hapa Nairobi nasi tunasema hoho kwa lile kubwa, kwa hivyo nimemwelewa huyu dada kabisa. Nyongeza ya kachumbari: chukua ile ndefu ya kijani, ipasue katikati, utoe ule utando mweupe wa ndani ambao mbegu zimeshikilia. Watu husema ukali uko kwa mbegu, sio kweli, uko kwa huo utando, mbegu zinawasha tu kwa sababu zimegusana nao. Ukishautoa, katakata nyembamba sana, weka na ndimu na chumvi, itabaki na ukali kidogo wa kuchangamsha tu. Na hilo hoho kubwa usilidharau, likate vipande utupie kwa mboga dakika za mwisho, likiiva sana linapoteza utamu. Ukipata jekundu ndio tamu zaidi, ni lile lile la kijani limeachwa shambani likaiva, ndio maana bei huwa juu.

Mkulima Kilombero
Mimi si mpishi ila hii mada naipenda. Vaa glavu ukikata kichaa au mbuzi. Zikikuwasha mikono usikimbilie maji, ile dawa ya ukali haiyeyuki kwenye maji, jipake mafuta ya kula kwanza usugue, ndio unawe na sabuni. Mdomoni kunywa maziwa au mtindi. Na usiguse macho, tafadhali sana hasa ukiwa na watoto. Ndege wenyewe wanazila kichaa mbichi bila shida kwa sababu hawausikii ule ukali, ndio wanaotuotesha mbegu hovyo pembeni ya shamba. Ila tembo hawataki kabisa, wakulima wanaopakana na hifadhi wanasaga kavu wanachanganya na oili chafu wanapaka kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba, mvua ikinyesha wanapaka upya. Kazi kubwa lakini mtu akinusuru mahindi yake anashukuru.

Mama Wawili, Dar
Jamani Mungu awabariki, ningesaga hoho mimi! Mpishi, mchele wangu kilo mbili, manga niweke kiasi gani na niitwange?

Mpishi wa Shughuli
Kijiko kimoja cha chai cha punje nzima kinatosha dada. Nusu ziache nzima uzikaange na kitunguu pamoja na mdalasini na iliki, nusu nyingine zitwange na bizari nzima na kitunguu saumu ndio utie kabla ya nyama. Ya kusagwa ya pakiti achana nayo, ikikaa wazi harufu inakimbia yote.

Bint Darajani
Na mwambie wifi akuletee manga za shamba, huku Unguja sokoni Darajani zipo tele. Nnajua atafurahi kuambiwa.