Baiskeli ya breki za fito, nembo haipo: ni Raleigh au? Na nianzie wapi kuifufua

Spoki_Arobaini

Wakuu, salaam. Nina baiskeli nyeusi ya breki za fito, zile za utotoni za kuendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu kwa sababu siti ilikuwa mbinguni. Nyumbani kila mtu anaiita Raleigh, lakini kwenye shingo hakuna nembo, kuna matundu mawili tu ya ribiti. Imepakwa rangi kwa brashi zaidi ya mara moja: nyeusi juu, buluu chini yake, na chini ya buluu kuna nyeusi nyingine inayong'aa.

Nilichokiona baada ya kuifuta: sproketi kubwa imekatwa umbo la watu watano walioshikana. Uma wa mbele una mabomba mawili membamba kila upande, si moja nene. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imegongwa STURMEY ARCHER, kisha AW, kisha 58 na 7. Kijicheni cha gia hakipo. Spoki za nyuma ni 40, za mbele 36, na rimu ya mbele imeandikwa MADE IN INDIA.

Matatizo mawili makubwa. Kwanza, ekseli ya pedali inacheza upande wa kushoto. Fundi aliweka kikombe kipya cha gololi cha dukani, baada ya siku chache kikalegea tena. Pili, dukani nimeuziwa tairi la 28 lililoandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8 na haliingii kwenye rimu hata kwa kulivuta na vyuma viwili. La zamani lililooza limeandikwa 28 x 1½.

Ni ya kampuni gani, ya mwaka gani, na nianze na nini? Pia nishaurini: nipige rangi upya au niiache?

---

Korongo_Mweusi

Mkuu, hiyo ni Humber. Wa nyumbani hawakukosea sana lakini, maana Raleigh ilichukua baiskeli za Humber mwaka 1932, kwa hiyo Humber ya miaka ya 1950 ilitoka kiwanda kilekile cha Nottingham, na vipuri vingi ndani yake ni vya Raleigh.

Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinakata alama yao ndani ya sproketi kubwa, ndiyo maana nembo ikipotea hupotezi kila kitu. Vichwa vya korongo ni Raleigh. Kiganja cha mkono ni Rudge. Herufi BSA zinajisema zenyewe. Watu watano ni Humber. Sproketi peke yake isikutoshe, kwa sababu inahamishika kwa kugonga pini ya kranki (mkono wa pedali) tu, lakini huo uma wa mabomba pacha nao ni wa Humber. Vitu viwili vikikubaliana, kesi imeisha. Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana zilifuata umbo la hizi za Kiingereza, kwa hiyo kwa mbali zinafanana, ila uma pacha si wa kawaida huko.

58 na 7 ni Julai 1958. Hiyo ni tarehe ya habu, si ya fremu. Magurudumu huhama baiskeli kuliko kitu kingine chochote, na lako la mbele limeshahama: Waingereza wa wakati ule walifunga spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo 36 ni mgeni. Tafuta namba ya fremu kwenye kiungo cha siti au nyuma ya bomba la siti. Usikwangue kwa msasa, utafuta namba yenyewe. Loweka pamba kwenye thina, ibandike dakika tano, kisha futa kwa kitambaa. Usitegemee namba ikupe mwaka, orodha za namba za zamani zinachanganya. Ila ukikuta inaanza na N ikifuatwa na herufi nyingine, huo ni utaratibu wa Nottingham wa miaka ya 1970, na fremu itakuwa changa kuliko habu.

Kabla hujanunua hata nati moja, pima kama fremu imenyooka. Funga uzi kwenye sikio la ekseli ya nyuma upande mmoja, upitishe mbele ya shingo, urudi kwenye sikio la pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3, nyuma imepinda. Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache kutoka kwenye shingo. Ukihisi kikunjo au rangi imepasuka kwa kukata bomba, hiyo iliwahi kugonga mbele.

---

Gololi_Robo_Inchi

Tatizo la kikombe nalijua bila kuliona. Fremu za Raleigh, na kwa hiyo Humber yako, zina hesi (mikato ya skrubu) 26 kwa inchi kwenye boksi ya pedali, lile bomba fupi linalobeba ekseli. Vikombe vya dukani, vya Kichina na vya Kihindi, vina hesi 24. Kipenyo ni kilekile, inchi 1 na 3/8, ndiyo maana kinaingia mizunguko miwili au mitatu na fundi anadhani ni kutu tu, anaongeza nguvu. Hapo anakata hesi za fremu. Kinashika siku chache, kinalegea.

Namna ya kupima: chukua kikombe cha zamani na kipya, vilaze hesi kwa hesi mbele ya mwanga. Zikilala bila mwanga kupita, ni sawa. Au weka rula uhesabu: kwenye nusu inchi utapata 13 za zamani, 12 za mpya.

Kwa hiyo tafuta vikombe vya zamani. Raleigh, Humber na Rudge za Nottingham zinachangia. Kikombe chenye mchirizi mdogo wa gololi bado kinafaa. Chenye vishimo unavyovihisi kwa ncha ya kalamu, tupa. Kila upande unaingia gololi 11 za robo inchi, zilizo huru. Zile zilizofungwa kwenye ringi ya bati ni chache, ziache. Nunua zote mpya, 22, usichanganye na za zamani hata moja: mpya ni kubwa kidogo na ndizo zitabeba uzito wote.

Kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kwa kuzungusha kama saa, kinyume na ulivyozoea. Kama hakichezi, kiache humohumo ukisafishe kwa mafuta ya taa.

Sasa pini za kranki, maana hapo ndipo watu huharibu. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini. Weka mafuta mepesi, acha usiku kucha. Simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, kranki ikae juu yake, pini ikiwa katikati ya tundu la bomba. Bila bomba hilo nguvu ya nyundo inaliwa na gololi na vikombe. Kisha piga mara moja, kwa nyundo ya kilo moja na nusu hivi, kwa nia. Vipigo kumi vidogo vinapanua kichwa cha pini kama uyoga na haitoki tena. Hapo umebaki na kuitoboa kwa drili.

Pini mpya ziwe za milimita 9.5. Za 9 zipo nyingi dukani na zinaingia vizuri kupita kiasi. Zikae kwa kupishana: kranki zikiwa zimelala, nati moja itazame juu, nyingine chini. Zikitazama upande mmoja, pedali hazitakaa mstari mmoja na mguu utausikia. Ingiza kwa nyundo, kisha nati iishikilie tu. Nati si ya kuvutia pini, hesi zake zitakatika. Baada ya kilomita 20 hivi gonga tena na ukaze.

---

Rimu_635

Kuhusu tairi: "28" haimaanishi chochote peke yake. Rimu yako ya 28 x 1½ ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Hilo ulilouziwa ni la 622. Ni dogo kwa milimita 13, halitaingia hata ulivute na trekta. Lirudishe kabla halijachafuka. Ukienda tena soma namba ndogo ubavuni: unataka 40-635. Kuna na 27 x 1¼, ambalo ni 630; hilo nalo ni dogo, na muuzaji atakwambia "linanyooka". Waya wa tairi haunyooki.

Gurudumu la mbele lenye rimu ya Kihindi sioni sababu ya kulitupa, mradi rimu iwe na umbo la kukubali breki za fito. Raba hazibani ubavu wa rimu. Zinavutwa juu na kukandamiza uso wa ndani, ule unaotazama habu, pande zote mbili za mstari wa spoki. Hii inabadilisha namna ya kunyoosha gurudumu. Fundi aliyezoea breki za kubana anatazama kuyumba kulia na kushoto. Hapa kinachokusumbua ni umbo la yai. Rimu ikipanda milimita mbili sehemu moja, breki itashika, itaachia, itashika, kila mzunguko. Funga kipande cha waya kwenye uma kikaribie uso wa ndani wa rimu, zungusha, na urekebishe kwa robo mzunguko wa nati ya spoki kila mara. Tia tone la mafuta kila nati siku moja kabla, la sivyo spoki zitakatika shingoni.

Raba zikae milimita 2 mpaka 3 kutoka kwenye rimu. Viungo vya fito vipakwe grisi, na skrubu ndogo zinazobana fito zikazwe bila kuminya: zikikata alama kwenye fito, fito itarudi kwenye alama ileile kila ukirekebisha.

Na mvua ikinyesha, chuma kilichochovywa kromu hakina breki ya kutegemea. Hakuna raba itakayokuokoa hapo, anza kubana mapema.

---

Msasa_Mia_Nne

Mimi nasema vua kila kitu, toa rangi mpaka chuma, praima, nyeusi mikono mitatu ya kupuliza. Rangi ya brashi ni aibu kwa mashine kama hiyo.

---

Korongo_Mweusi

Hapana mkuu, pole. Mwenye baiskeli kasema chini ya buluu kuna nyeusi inayong'aa. Hiyo ni rangi ya kiwandani, imechomwa kwenye tanuri, ngumu kuliko chochote utakachopuliza uani. Rangi ya brashi inalainika kwa thina mapema, ya kiwandani inachelewa. Ajaribu kwanza chini ya boksi, mahali pasipoonekana. Afanye kipande cha kiganja kwa kiganja, pamba ikichafuka aitupe. Akiona mstari wa dhahabu au herufi, aache thina hapohapo, kwa sababu michoro hiyo haihimili. Amalizie kwa ukucha au kipande cha plastiki.

Ikibaki zaidi ya nusu ya rangi ya asili, aiache, aipake nta. Ukiitoa, mistari ya dhahabu hairudi.

Kromu yenye kutu: kunja karatasi ya alumini, ichovye kwenye maji, sugua. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Vipuri vidogo vya chuma loweka kwenye maji yenye unga wa asidi ya ndimu, gramu 50 kwa lita, saa chache, kisha suuza kwa maji ya magadi na ukaushe papo hapo, paka mafuta. Springi za siti na spoki usizilowekee asidi, zinakuwa kavu na kukatika ghafla baadaye.

---

Spoki_Arobaini

Nimejaribu thina chini ya boksi, nyeusi ya ndani imebaki imara. Mstari wa dhahabu nimeuona kwenye madigadi ya nyuma, mwembamba kama uzi. Pini moja imetoka kwa pigo la pili.

Ila kikombe cha kushoto kimetoka na unga wa chuma. Hesi za fremu zimebaki kama nusu, zile za ndani zaidi. Na ile habu ya gia inafufuka bila kijicheni?

---

Gololi_Robo_Inchi

Zilizobaki ndani ndizo zenye faida, kwa sababu fundi alikata za mwanzo tu. Kikombe cha asili cha hesi 26 kitazifikia. Kiingize kwa mkono, bila spana, na grisi. Kikigoma rudi nyuma, usilazimishe. Kikishika mizunguko minne mizima, ringi ya nje ya kufungia itakizuia kisicheze. Kama hakishiki, usikubali kuchomelewa kikombe kwenye fremu: siku gololi zikiisha hutaweza kufungua. Kuna ekseli za kisasa zinazojibana ndani ya boksi bila hesi, ila hizo zinataka kranki za tundu la mraba, na utaiaga sproketi ya watu watano.

Habu ya AW, yaani ya gia tatu, inafufuka, mara nyingi haijafa kabisa, imekauka tu. Kwenye ganda lake kuna kitundu cha mafuta chenye kifuniko. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya taa, zungusha, ilaze ubavu yatoke machafu, rudia mpaka yatoke safi. Kisha kijiko cha mafuta mepesi ya injini. Usitie grisi humo, vijino vidogo vya ndani vitanata na pedali zitazunguka bure. Mafuta ya kupikia ndiyo kabisa, yanageuka gundi.

Bila kijicheni habu inabaki kwenye gia ya tatu, ile nzito, ndiyo maana wazee waliona baiskeli "imekuwa ngumu" wakaendelea nayo hivyohivyo. Ukipata kijicheni, kiingize mpaka mwisho kwa vidole, kirudishe chini ya nusu mzunguko ili kitazame waya. Weka kitasa cha gia kwenye gia ya pili, chungulia kidirisha cha nati ya kulia: ncha ya kijiti cha kijicheni inatakiwa ilingane na mwisho wa ekseli. Isipolingana, kati ya ya pili na ya tatu kuna mahali hakuna gia kabisa, na ukisimama kwenye pedali pale, magoti yatakutana na usukani.

Nati za ekseli hiyo usizipoteze. Ni za 13/32 ya inchi, hesi 26. Za milimita 10 zinaonekana sawa na zitakula hesi kama kile kikombe. Na spana malaya iweke mbali nazo.