"Historic" na "historical": naombeni msaada kabla kibao hakijachongwa

Wakuu, habari zenu. Natembeza wageni Kilwa Kisiwani na nimekwama kwenye kibao cha Kiingereza. Msikiti Mkuu niuite "historic" au "historical"? Kwetu vyote ni "vya kihistoria", basi. Ninavyoelewa, "historic" ni jambo zito lililoacha alama, kama Azimio la Arusha la 1967. "Historical" ni chochote cha zamani au kinachohusu historia, hata risiti kuukuu ya karafuu. Lakini juzi mgeni mmoja alisema "historic site", mwenzake "historical site", na wote Waingereza! Je, zote sahihi? Fundi anachonga Ijumaa, na maandishi yakishaingia kwenye mninga hayafutiki. Nisaidieni jamani, msikiti ule nauheshimu sana.